Kidole Kimoja cha Nyama

Asubuhi ile nilifunga mfuko wangu bila kujua naelekea wapi. Kwangu hilo si jambo geni. Niliacha shule nikiwa darasa la saba, na tangu hapo miguu yangu ndiyo imekuwa ikiamua, mimi nafuata na maswali. Nilikuwa nimekaa Obunga, pale Kisumu, miezi mitano, nikimpasulia kuni mama mmoja mkaanga samaki. Miezi mitano kwangu ni mingi. Mama alikuwa amechuchumaa akipuliza moto. Mumewe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu ya mkewe mkononi.

"Unaenda wapi?" mume akaniuliza.

"Sijui."

"Hiyo sijui iko upande gani?"

Nikaelekeza kidevu kwenye barabara ya Busia. Akaitazama, halafu akainuka.

"Ngoja nichukue gambuti," akasema.

Mama hakugeuka, lakini aliacha kupuliza.

Gambuti zile, viatu virefu vya mpira, zilikuwa nyeupe, za kiwandani. Mume huyo alikuwa mkata minofu katika kiwanda cha samaki kwa miaka mingi. Mbuta akifika mezani, yeye na kisu chake chembamba walimvua nyama pande zote mbili, na nyama hiyo ikafungwa na barafu, ikaenda kupanda ndege. Kilichobaki, yaani kichwa, uti na mkia, kilitolewa kwa geti la nyuma na kuuziwa akina mama wa Obunga. Kinaitwa mgongo wazi. Wanakikaanga mpaka kinakuwa rangi ya matofali, na wanaokinunua ni wale ambao samaki mwenye mwili amewapita.

Mama alinisimulia jinsi walivyojuana siku moja tulipokuwa tukimenya vitunguu. Wakati huo alikuwa msichana, ndiyo kwanza ameanza biashara. Kila alipofungua gunia lake, alikuta mifupa mitano sita ambayo chini ya shingo imeachwa nyama, upana wa kidole kimoja. Mifupa mingine ilikuwa imekwanguliwa. Hiyo mitano sita, kila siku, kidole kimoja, mahali palepale.

"Nikauliza pale getini, nani huyu anakata kama mlevi? Wakaniambia, si mlevi, ni yule mrefu. Anajua mifupa inaenda kwa nani." Akacheka, akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu ya kitunguu. "Nikamngojea siku moja saa ya kutoka. Nimekaanga mmoja wake, nimefunga na gazeti. Nikamwambia, chukua, onja vile unaacha."

Kisha hali ikabana. Msimamizi akaanza kukagua mifupa na kuwagombeza wakataji walioacha nyama. Samaki wakapungua ziwani, bei ya stima ikapanda, watu wakapunguzwa, na mwishowe geti likafungwa kwa mnyororo. Mgongo wazi ukawa unaletwa kutoka mbali, umekatwa na watu wasiojulikana, mweupe kama umepigwa msasa. Mama aliukaanga hivyo hivyo. Mafuta yenyewe alianza kununua yale ya kupimiwa kwa chupa ndogo.

Mume hakukubali kwamba geti limefungwa. Kila asubuhi alivaa gambuti na kwenda kusimama pale. Mwanzoni walikuwa wengi. Nilipofika mimi, nikitoka Muhoroni ambako kazi ya kupalilia miwa ilikuwa imeisha, alikuwa amebaki peke yake. Nilimfuata siku moja kwa udadisi tu. Alisimama mpaka jua likawa kali, akaongea kidogo na askari wa geti kuhusu mvua, akarudi. Gambuti zile zilikuwa kavu kiasi kwamba zilitoa sauti ya karatasi alipotembea.

"Sitaki arudishwe kazi kwa nguvu," mama aliniambia. "Nataka tu mtu mwenye kujua aseme ndio ama hapana. Ikiwa ni ndio, angoje. Ikiwa ni hapana, aache. Hapa katikati ndipo anaoza."

Ulikuwa msimu wa kampeni za urais. Kibanda cha mama kilikuwa na benchi moja, na benchi hilo lilikuwa na siasa kuliko bunge. Wazee walikiri kwamba zamani hapakuwa na mjadala: mtu ni wetu au si wetu, basi. Mwaka huo nilisikia maneno mengine. Mtu akitajiwa mgombea, aliuliza, "Huyo, unga wake utakuwa bei gani?" kana kwamba mgombea ni duka. Aliyekuwa na deni la pikipiki alimpima mgombea kwa petroli. Muhoroni nako nilikuwa nimewaacha wakimpima kwa trekta za miwa zilizolala. Kila mtu alikuwa amebeba jeraha lake na kulitumia kama mizani.

Mpinzani mkubwa wa benchi alikuwa mlinzi wa nyumba moja kubwa kule Milimani, mtu wa kutoka Vihiga, aliyepita kula kabla ya kwenda zamu. Yeye alikuwa na mgombea wa upande wa pili.

"Mama, mtu wako atakuletea samaki," alisema, akinyonya uti, "na wangu ataleta unga. Tuwaoze tu hawa, tule."

"Wako akileta unga, wewe utakuwa umeshakufa na njaa pale kwa geti la tajiri."

"Yule tajiri mwenyewe siku hizi anakula sukuma, mama. Naona takataka yake. Mifupa ya kuku imepotea."

"Yawa! Kumbe unasoma takataka za watu?"

"Ni gazeti langu."

Mgombea wa mama alikuwa akipita Kisumu wiki hiyo. Siku mbili kabla yake wakaja vijana wenye kofia zinazofanana. Wagombea wana desturi ya kusimama kwenye kibanda na kula na wananchi, na vijana hawa walikuwa wanachagua kibanda. Walikipenda cha mama kwa sababu kiko kando ya lami. Mmoja akatazama trei ya mgongo wazi, akakunja pua kidogo.

"Mama, siku hiyo hizi zifiche. Tutakuletea ngege, fresh. Utapika hizo."

"Sawa," mama akasema. Mume wake alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake ikibadilika.

Siku ilipofika, ngege, samaki wazima wenye nyama yao, waliletwa kwenye sanduku la barafu, wanono, macho yanang'aa. Mama aliwakaanga vizuri sana; hata kwa hasira mkono wake haukosei. Lakini mgongo wazi hakuuficha. Aliusogeza kando tu. Alikuwa amevaa lile gauni lake la kanisani, na midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa akirudia swali lake.

Magari yakaja, firimbi zikaja, watu wakajaa mpaka juu ya paa za jirani. Mgombea akashuka. Akaletewa sahani ya ngege. Akaitazama, akatazama trei iliyokuwa kando, akasema, "Hapana. Nipe ile."

Kelele zilizotoka pale sijawahi kuzisikia tena.

Mimi nilikuwa nimejibana karibu na jiko, nikatazama mikono yake. Mgongo wazi haudanganyi. Asiyeujua huukwanyua juu juu na kutafuta nyama ambayo haipo. Huyu alikigeuza kichwa cha samaki chini, akakibonyeza kwa dole gumba pale penye kiungo, kikafunguka. Akatoa shavu, akanyonya jicho, akashuka na uti kipande kwa kipande, na mifupa akaipanga pembeni ya sahani kama mtu aliyelelewa na bibi mkali. Mlinzi wa Milimani alikuwa nyuma yangu. Alinong'ona, "Huyu aliwahi kulala njaa. Kura yangu inatikisika, lakini usimwambie mama."

Ndipo mama akauliza. Hakupiga magoti wala hakupaza sauti.

"Mheshimiwa, kile kiwanda cha samaki kitafunguliwa? Niambie tu ndio ama hapana. Mume wangu anangoja."

Naomba niwe mkweli: yule mtu hakucheka wala hakumkatiza. Alinawa mikono polepole, akamtazama mama, akamtazama na mume, ambaye alikuwa amevaa gambuti. Nadhani alisikia. Kisha akamgeukia msaidizi wake. "Chukua namba ya mama. Tutawapigia." Msaidizi akaandika. Magari yakaondoka. Ngege wakaliwa na umati mpaka miiba.

Kwa hiyo mume akaacha kusimama getini na kuanza kuingojea simu. Ilikuwa ya mama, lakini yeye ndiye aliyeishika. Alienda kuichaji kwa kinyozi na kukaa hapo hapo mpaka ijae. Alikuwa akiitazama wakati wa kula. Ikilia, anapokea akiwa amesimama; kumbe ni dada wa mama kutoka Ahero, au mtu aliyekosea namba.

Wiki ya kwanza wateja walimuuliza, "Wamepiga?" kwa upole. Ya pili waliuliza wakitabasamu. Ya tatu, mwendesha pikipiki mmoja akasema, "Baba, labda wamekupigia ukiwa choo," na benchi likacheka. Ajabu ni kwamba aliyekasirika ni mlinzi, yule wa upande wa pili. "Nyinyi, heshimuni mtu," alisema. "Hata mimi namngojea wangu." Baada ya hapo kila mtu akarudia mfupa wake. Niliona kwamba hakuna aliyebadilisha mgombea pale. Walichobadilisha ni sauti. Walianza kuwataja wagombea kwa sauti ya chini, kama mtu anavyomtaja jamaa aliyeahidi kuja harusini.

Sasa nirudi asubuhi ile. Mume alitoka ndani na gambuti mkononi, na kisu chake kikiwa kimefungwa kwa kitambaa. Akamnyooshea mkewe simu.

"Wakipiga," akaanza, "waambie niko..." Akanigeukia. Mimi sikuwa na jina la mahali la kumpa.

"Nitawaambia umetoka," mama akasema. Aliipokea simu, akaitia kifuani. Kisha akafunga mgongo wazi miwili kwa gazeti, akampa, akabaki ameshika mkono wake.

"Kura yangu nitampa," akasema. "Alikula vizuri, na alinisikiza. Kura nitampa. Lakini mume simpi."

Yule mrefu akainamisha kichwa. Nilienda kusimama barabarani, nikawaachia nafasi yao.

Tulitembea mpaka Kisian. Pale pikapu iliyobeba kreti tupu za samaki ilikuwa imesimama, dereva akikaza gurudumu. Tukaomba lifti.

"Kwanza mseme, mnampa nani?" dereva akatania.

"Mimi ni mkata samaki," mume akajibu.

"Hicho chama sijakisikia. Pandeni."

Tulikaa juu ya kreti, ziwa likitokea kushoto na kupotea. Alikula mgongo wazi mmoja, akanipa mwingine. Dereva alituteremsha Ndori, akatuambia upande wa Asembo kuna ufuo ambapo akina mama wananunua mbuta wadogo na kuwakausha kwa moshi, na kwamba wanaotoa samaki huko ni wengi kuliko wanaojua kukata. Tulifika jua likiwa bado juu kidogo ya maji. Moshi ulikuwa umetanda chini, na macho yaliwasha.

Mwenye tanuri alikuwa mama mnene mwenye kofia ya sufu. Alimtazama mume, akazitazama gambuti nyeupe.

"Hizo ni za daktari ama?"

"Za kiwandani."

"Kata, nione."

Alizivaa. Akakunjua kitambaa, akakinoa kisu mara mbili kwenye jiwe, akamchukua mbuta. Nilikuwa nimemjua miezi mitano na sikuwa nimewahi kumwona akifanya kazi yake. Kisu kiliingia kikatoka, na upande mzima wa nyama ukalala mezani kama nguo iliyokunjwa. Akageuza, akafanya tena. Mwenye tanuri akaokota mfupa uliobaki, akauinua kwenye mwanga.

"Jaduong', mzee wangu, umeacha nyama hapa kwa shingo."

"Najua."

"Umechoka, ama ndivyo unakata?"

"Ndivyo nakata."

Mama yule akaendelea kuushika mfupa. Wanawake wawili waliokuwa wakiosha kreti kando ya maji walikuwa wameacha kuosha. Akawatazama wao, akamtazama yeye, kisha akautupa mfupa ndani ya beseni lao la mifupa.

"Nyuma ya tanuri kuna chumba," akasema. "Kina kitanda kimoja na mkeka mmoja. Nyinyi mtaelewana. Kesho saa kumi na mbili uwe hapa."

Hakungoja kesho; aliwakata waliobaki mpaka giza likaingia, maji ya kuoshea yakimwagikia ndani ya gambuti. Chumba kilinukia moshi na nyavu. Mimi nilichukua mkeka. Yeye aliomba simu yangu, akatoka nayo mpaka penye mtandao, hatua chache tu, kwa hiyo nilimsikia.

"Wamepiga?"

Akasikiliza.

"Sawa." Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi. "Ndiyo, tumepata pa kulala. Kuna moshi lakini kuzuri. Nitakuja siku ya kura, tupige pamoja."

Aliporudi alikaa mlangoni akavua gambuti. Alizipindua, maji yakamwagika, magamba yakashikamana na zulia la vumbi. Akatafuta vijiti viwili, akavichomeka ardhini, akazianika juu yake. Zilikuwa zimelowa kabisa.