Soksi ya Arobaini

Bibi mmoja, jirani wa Mwanapili, hufua mashuka ya hoteli huko Diani, na sabuni imemchakaza vidole hata sindano za kufumia humponyoka. Akirudi jioni huketi barazani na uzi wake wa manjano, afume mstari mmoja, asinzie, akizinduka aufumue. Alikuwa ameahidi kwamba mtoto wa Mwanapili hatatolewa nje siku ya arobaini na miguu mitupu. "Bibi, wewe fumia yai kofia, ndiyo saizi yako," alitania Fauzia, wifi wa Mwanapili. "Nitakapomaliza litakuwa jogoo," alijibu, macho ameyafumba.

Arobaini ilipofika alikuja na soksi moja. Mwanapili alijaribu kumvisha mtoto taratibu, ikagota vidoleni. Mguu ulikwisha kunenepa. Yule jirani aliichukua soksi, akamvisha mtoto mkononi, akaifunga kwa uzi uliobaki. "Haya. Asijikune uso."

"Na mkono wa pili, bibi?" aliuliza Mwanapili.

Bibi alikuwa ameshaketi, anazitafuta sindano mkobani. "Huo ajikune nao polepole, mwanangu, mpaka nifike."