Mikono ya Feza

Sidii mpya, ikitolewa kwenye nailoni yake, ilikuwa na harufu kali ya plastiki, na kwetu Kalemie harufu hiyo ilichanganyika na ya mawese yaliyokuwa yakichemka jikoni kwa Mama. Chumba cha mbele ndicho Papa alichofanyia kazi ya kugrava, yaani kuandika nyimbo za kwaya kwenye sidii tupu kwa kompyuta. Likizo ile, nikiwa na miaka kumi, sidii alizozizoea zilikwisha mjini, akanunua sita zilizoshuka na boti kutoka Kigoma, hazina jina wala alama yoyote. Alizigeuzageuza juani, akaguna. Hakuziamini tangu mwanzo.

Siku hizo Feza alikuwa kwetu. Mama yake, mdogo wake Mama, alikuwa amefariki Nyunzu miezi michache kabla, na Feza alikuja na kaseti aliyoimba marehemu. Papa aliuingiza wimbo kwenye kompyuta, na kaseti ikakatika palepale ulipokwisha. Feza alitaka sidii ya kurudi nayo nyumbani, awe anaisikia sauti ya mama yake. Mimi nilitaka kitanda changu, alichopewa yeye alalie. Na niseme ukweli, nilimwonea wivu kila Papa alipomwita mwanangu.

Sidii ya kwanza ilikaribia mwisho, kompyuta ikaandika kosa na kuitema. Ya pili vilevile. Papa alipangusa jicho la mashine kwa pamba, akaweka sidii ya zamani, ikaimba vizuri. Akajaribu ya tatu, nayo ikaharibika. Hapo akaanza kututazama sisi.

"Nani alishika hizi sidii?"

"Miye sikuzigusa, Papa," Feza alisema.

"Njo yeye, ni Feza," nikasema. "Niliona mikono yake iko na mawese."

Sikuwa nimeona kitu. Papa alimwambia akasimame mlangoni, naye akasimama, mikono nyuma.

Ya nne niliileta mimi, nimenawa kwa sabuni, nimeishika kwa ukingo kama yai. Ikakataa. Ya tano nayo ikakataa. Sasa sote tulijua kwamba Feza hana kosa, na bado alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Papa, labda unazikimbiza." Ilikuwa kweli. Papa aliweka mwendo wa juu siku zote, maana umeme wetu ulikuwa wa kuviziana, ukikatika katikati ya kazi sidii imekufa.

"Nikienda polepole, kuran itaenda," alisema, yaani umeme utakatika.

"Jaribu vile mutoto anasema," Mama alijibu kutoka jikoni.

Akaushusha mwendo hadi wa chini kabisa. Tuliikodolea macho taa ya dari kama watu wanaomchunga mwizi. Sidii ya sita ilitoka ikiwa ya moto, na mama yake Feza akaimba. Feza hakulia. Aliipokea kwa ukingo, akinitazama mimi.

Siku hizi wimbo ule uko kwenye simu yangu, ulitumwa kwa dakika moja tu, na hakuna anayeuliza nani kashika nini. Mwaka jana nilikwenda Nyunzu kumwonyesha Feza mtoto wangu wa kwanza. Safari nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba msamaha. Alitoka jikoni akicheka, akanyoosha mikono ampokee mtoto, kisha akairudisha haraka. Akaipangusa kwenye kitenge chake, mbele na nyuma, akanifungulia viganja.

"Angalia, dada," alisema. "Iko safi."