Masika ya Bibi

Juzi nilisoma jedwali la vifo vya watoto wa mji mmoja wa Uingereza ya zamani: kiangazi waliuawa na kuharisha, baridi na surua. Nikanusa ubani wa Bibi.

Alasiri moja ya utotoni, kule Ibra, Omani, ilinyesha mvua ya ghafla, na sisi watoto tukataka kukimbilia kuona wadi, lile bonde kavu, ikishuka kwa maji. Bibi, mzaliwa wa Unguja, akafunga madirisha, akafukiza ubani, akatugusa kipaji cha uso mmoja mmoja, kisha akaanza tena kwa wa kwanza.

"Bibi, mvua ni rehema," nikamwambia.

"Rehema, mwanangu. Kaa kitako."

Nilidhani anaogopa radi. Baadaye Mama alinambia kuwa wadogo zake Bibi watatu walikufa kwa kuharisha, masika ya mwaka mmoja. Kwao Unguja aliujua mwezi wa kuogopa. Ibra haina masika, basi aliogopa kila wingu.