Neno Ambalo Bi Qamar Hakulisema

Mara ya mwisho kusifiwa ilikuwa lini? Sizungumzii "hongera" za harusini, wala "safi sana" ya mtu anayetaka umpishe njiani. Nauliza ni lini mtu alikutazama ukifanya kazi yako, akaiona kweli, kisha akakuambia usoni alichokiona. Kama unakumbuka siku na saa, wewe ni tajiri. Malati Nigam hakuwa na siku wala saa. Alikuwa na miaka thelathini na saba ya kungoja neno moja kutoka kwa mtu mmoja.

Malati ana chumba cha kufundishia kathak, mchezo wetu wa nyayo na njuga, juu ya duka la marashi pale mtaa wa Chowk, katika mji wetu wa Lucknow, India. Harufu ya waridi na udi hukutangulia ngazini. Sakafu ni ya saruji nyekundu, na katikati imekuwa nyeusi kwa kupigwa na nyayo. Wanafunzi ni thelathini na mmoja. Mdogo kabisa ana miaka saba, na mkubwa ni mjane anayekaribia sitini ambaye husema amekuja kutafuta magoti yake. Mimi hukaa pembeni na tabla, ngoma zangu mbili za mkono, na kuwashikia midundo. Wote tunamwita Malati Didi, yaani dada mkubwa, hata yule mjane.

Alipelekwa kwa Bi Qamar, mwalimu wake wa kathak, akiwa na miaka tisa, na si kwa sababu ya kipaji. Baba yake alikuwa karani wa reli, nyumba yao ilikuwa ndogo, na Malati alikuwa mtundu wa kuvunja vyombo. Mama yake alidhani atachoshwa na kucheza, atarudi ametulia. Hakutulia. Alipoona mwanamke mmoja, kwa nyayo mbili na njuga mia mbili, anaweza kuunyamazisha ua mzima, vyombo vya nyumbani vikapona.

Bi Qamar alifundisha kwa fimbo fupi aliyoigonga kwenye kipande cha mti, tambuu ikiwa shavuni. Neno lake lilikuwa "Tena." Ukikosea, tena. Ukipatia, tena. Malati alipokuwa na miaka ishirini na miwili alicheza kwenye mkusanyiko mkubwa, akazunguka mizunguko ishirini na saba bila kuyumba, akatua juu ya mdundo kama sarafu inavyotua kiganjani. Watu walisimama. Yeye akakimbilia nyuma ya pazia, akainama kugusa miguu ya mwalimu wake, akabaki ameinama akisubiri. Bi Qamar akatema tambuu.

"Kamba ya njuga zako imechakaa," akasema. "Kesho uje mapema."

Nimesimuliwa kisa hicho mara nne, na mara zote Didi alicheka alipofika kwenye kamba. Mara zote alicheka akitazama dirishani.

Alipofungua shule yake aliapa kwamba hakuna mtoto atakayeshuka zile ngazi bila kuambiwa jema lake. Kila darasa huisha kwa duara. Kila mmoja hutaja jema moja alilomwona mwenzake akilifanya siku hiyo. "Umecheza vizuri" hairuhusiwi. Hilo, husema Didi, ni neno la mtu aliyekuwa amesinzia. Lazima useme, "Mguu wako wa kushoto leo haukuchelewa," au "Ulikosea ukaendelea, hukulia." Naye Didi huandika yote katika daftari la kila mtoto.

Niliposhika shahada yangu ya saikolojia na kuja kupiga tabla kwake, nilimweleza kwamba duniani kuna wataalamu wanaoiita njia hiyo saikolojia chanya: mjenge mtu kwa kuanzia pale alipo imara, badala ya kuanzia alipovunjika.

"Kumbe ina jina?" akashangaa. "Mimi nilidhani ni kinyongo changu tu."

Nikamletea vitabu. Akavisoma kwa kalamu mkononi, akibishana navyo pembezoni mwa kurasa. Alikuwa na ushahidi kuliko waandishi wake. Kwa mfano Gulnaz, binti wa miaka kumi na miwili, mwenye miguu mizito kama ya mtu anayetembea matopeni. Shule mbili zilikwishamrudisha nyumbani. Didi alimtazama wiki moja, akagundua kwamba sikio la yule mtoto halikosei hata robo ya mdundo. Akamweka mbele, awe anawatamkia wenzake silabi za mchezo. Ta, thei, thei, tat. Mwaka haukuisha, miguu ya Gulnaz ikaanza kulifuata sikio lake.

Usidhani mji ulifurahi. Walimu wengine waliiita "shule ya kubembeleza." Wazazi nao walikuja na yao.

"Didi, tangu Januari hujamchapa mwanangu hata mara moja," baba mmoja alilalamika. "Nitajuaje kama anajifunza?"

"Muulize amejifunza nini."

"Nimemuuliza. Anasema yeye ni hodari wa kuvuta pumzi. Didi, hata nyati anavuta pumzi!"

Na mama mmoja alimsihi asiandike mema ya binti yake kwenye karatasi, jicho baya lisije likayasoma.

Haya yote hayakumwumiza Malati. Kilichomwumiza kilikuwa kimoja. Kila mwaka, mwezi mpevu wa kati ya mvua, siku ambayo kwetu kila mwanafunzi humwendea mwalimu wake, alibeba nazi na kapu la maembe hadi kwa Bi Qamar, akagusa miguu yake, akasubiri, akarudi. Alikuwa anamimina sifa kwa watoto thelathini na mmoja kutoka kwenye mtungi ambao mwenyewe hakuwahi kumiminiwa tone.

Mwaka jana, siku tatu kabla ya mwezi huo kujaa, Bi Qamar alituma ujumbe: "Nasikia una shule ya kubembeleza. Nitakuja kuitazama."

Didi alisugua ile sakafu mara tatu. Mara ya tatu nilimnyang'anya ndoo.

"Sibtain," akaniambia, amekaa chini, mikono imelowa, "sitaki mengi. Aseme tu, 'Umefundisha.' Neno moja. Nikifa bila kulisikia nitakufa kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga mlango."

Bi Qamar ana miaka themanini kasoro mmoja, na magoti yake hayapandi ngazi. Wauza marashi wawili walimbeba juu ya kiti, naye akiwatukana kwa upole njia nzima.

"Polepole, nyie! Mnabeba mtu, si gunia la viazi. Malati! Umefungua shule au mnara wa msikiti? Mbona ngazi haziishi?"

"Zimebaki nne, Bi."

"Ulisema hivyo pale chini."

Akaketishwa chini ya feni. Watoto wakapanga foleni kugusa miguu yake, kisha wakacheza. Sijawahi kuwaona wakicheza vile. Gulnaz alitamka silabi kwa sauti iliyonyooka kama uzi wa mshoni, wadogo wakageuka pamoja, njuga zikalia kama mvua ya mawe kwenye bati. Nikiwa nyuma ya tabla zangu nilikitazama kidole cha Bi Qamar. Kilikuwa kinagonga goti, kinahesabu. Kikagonga hadi mwisho, kikatua pale pale tulipotua.

Likafuata duara la mwisho. Watoto wakatajiana mema yao. Ilipofika zamu ya Pakhi, ambaye ana miaka minane na hajui kunong'ona, akatangaza, "Jema langu ni la Didi! Leo alikuwa anaogopa sana, lakini hakutufokea!"

Tukacheka wote, hata yule mjane. Bi Qamar hakucheka. Didi, masikio yamemwiva, akainua mikono apige makofi ya kufunga darasa.

Hapo ndipo nikafungua kinywa.

Kwetu mpiga tabla hamwanzii maneno mwalimu wa mwalimu. Hujibu akiulizwa, tena macho chini. Jambo hilo analijua kila mtoto wa Chowk kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa na shahada.

"Bi Qamar," nikasema, "ni zamu yako. Taja jema moja la Didi."

Bi Qamar akanigeukia taratibu, kama mtu aliyesikia kiti kikiongea.

"Mpiga ngoma. Nani kakufundisha kuomba?"

"Siombi, Bi. Nadai. Miaka thelathini na saba amekutumikia. Alizunguka mara ishirini na saba, mji mzima ukasimama, wewe ukamwambia habari za kamba! Unajua anaisimulia mpaka leo? Unajua kwamba jana—"

"Sibtain, nyamaza," akasema Didi.

Sikunyamaza. Nilisema yote, hata yale ya ndoo na mlango usiofungwa. Niliamini, na bado naamini, kwamba neno jema likifungiwa moyoni ni haki ya mtu iliyozuiwa. Nilihisi nasimama kwa niaba ya kila mtoto aliyewahi kuinama nyuma ya pazia.

Bi Qamar alimtazama Malati. "Wewe ndiye umemtuma?"

Didi akashika masikio yake yote mawili, kama tunavyoomba radhi kwetu. "Naapa, Bi. Sikumtuma."

"Sifa ya kuombwa ni sadaka," Bi Qamar akasema. "Mimi sikulea ombaomba." Akagonga fimbo sakafuni. "Kiti!"

Wauza marashi wakamshusha. Safari hii hakuwatukana, na hilo lilikuwa baya zaidi. Maembe yalibaki kwenye sinia, na watoto, ambao kwa kawaida wangeyapigania, waliondoka bila kuyagusa.

Nilidhani Didi atanifokea. Alianza kukusanya mikeka.

"Unajua ulichofanya?" akasema, amenipa mgongo. "Angeweza kulisema. Kama si leo, basi kesho. Hata akiwa kitandani anakata roho, angeweza. Kila asubuhi niliamka na hilo 'angeweza'. Sasa hata akilisema, nitajuaje kwamba si kwa sababu yako?"

"Didi, vitabu vyote vinasema—"

"Vitabu vyako vinajua kusifu. Havijui kungoja." Akaweka mkeka wa mwisho juu ya wenzake na kuulainisha kwa kiganja, ingawa haukuwa na kunyanzi. "Nenda nyumbani, Sibtain."

Nikaenda. Mvua ilikuwa inanyesha na sikufungua mwavuli. Nilimkasirikia Bi Qamar mpaka daraja la kwanza. Kuanzia pale nikaishiwa na mtu wa kumkasirikia isipokuwa mimi. Nilikuwa nimepigania haki ya Didi kwa kumvua nguo mbele ya wanafunzi wake.

Asubuhi iliyofuata nilitoka mapema kwenda kuomba radhi kabla ya darasa la kwanza. Mvua ilikuwa imekatika. Wauza maziwa walikuwa wanagonganisha madumu, na duka la marashi bado limefungwa. Chini ya zile ngazi palikuwa na riksho, na ndani yake, amejifunika karatasi ya plastiki mpaka mabegani, Bi Qamar. Malati alikuwa amesimama kando yake peku, ufagio mkononi. Nikajibana kwenye ukuta wa duka la nguo. Sikuwa na ujasiri wa kusogea, wala wa kuondoka.

"Yule anayetamka silabi," Bi Qamar alikuwa anasema. "Mwenye miguu mizito. Nani alimweka pale?"

"Mimi, Bi."

"Kwa nini?"

"Sikio lake lilikuwa mbele ya miguu. Nikaona nianze na sikio."

Bi Qamar akatafuna tambuu yake. Alitafuna muda mrefu, mpaka mwendesha riksho akageuka kuangalia kama amelala.

"Mimi ningemfukuza," akasema.

Malati akainamisha kichwa, kama watu wanavyoinamisha wanaposikiliza maji yanakotokea.

Ndipo Bi Qamar akatoa mikono yake chini ya plastiki. Akaipitisha kandokando ya uso wa Malati, kutoka utosini hadi kidevuni, karibu kabisa lakini bila kumgusa. Kisha akaikunja ngumi, akaikandamiza kwenye panja zake mwenyewe, na vidole vyake vya kizee vikalia, ko, ko, ko, nikavisikia kutoka pale ukutani. Bibi zetu huwafanyia hivyo bibi harusi, na watoto waliopona homa, ili kila baya linalomnyemelea yule wanayemwonea fahari liwarukie wao.

"Twende," akamwambia mwendesha riksho. "Magoti yanauma."

Kengele ikalia, magurudumu yakapita kwenye dimbwi, riksho ikakata kona pale kwa muuza maziwa. Malati alikuwa bado amesimama peku, kichwa kimeinama, akingoja.