Chai Iliyorudi Nzima

Tangawizi ikianza kuchemka jikoni kwangu, hata kabla sijatia majani ya chai, pua yangu hunirudisha Doha, asubuhi ya Ijumaa. Ndiyo, Ijumaa. Huko ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko, nasi Wakenya wachache tulisali sebuleni kwa familia moja ya mtaa wa Al Thumama, viti vya plastiki vimejaa hadi mlangoni na viatu vimeachwa nje. Watoto tulikuwa na shule yetu ya Jumapili siku hiyo hiyo ya Ijumaa, wala wenzangu hawakuona ajabu. Mimi niliona, lakini mimi nilikuwa naona ajabu kila kitu.

Ibada ikiisha, ilikuwa chai. Kila mama alikuja na chupa yake, zikapangwa mezani, mtu akajimiminia kutoka yoyote. Ya mama yangu ilikuwa nyekundu yenye maua meupe, na kuibeba ilikuwa kazi yangu. Ndiyo maana niligundua mapema kuliko wote. Nilizoea kuirudisha garini ikiwa nyepesi, nikiibembeza njia nzima. Kisha ikaanza kurudi nzito vile vile ilivyokwenda.

Nikachunguza. Niliionja, nikidhani Mama amesahau sukari. Sukari ilikuwemo. Ijumaa iliyofuata nikakaa karibu na meza na andazi langu, nikitazama mikono ya watu. Ilikuja, ikafika kwenye chupa nyekundu, ikairuka. Chupa nyingine zilipokauka, watu wakanywa maji.

Mama alikuwa muuguzi, na siku hizo alikuwa amefanywa msimamizi wa wodi. Rafiki yake mkubwa, Mama Kendi, alifanya kazi wodi hiyo hiyo na alimtangulia Qatar kwa miaka minne. Kila mtu alijua cheo hicho kingekuwa cha Mama Kendi. Alipokikosa, maneno yakaanza: Mama alijipendekeza kwa wakubwa, Mama anaringa, sasa hata kusali anasali kwa maringo. Hilo la mwisho lilinishughulisha sana. Nilimkodolea macho akisali ili nione maringo yanakaa wapi, nikaona tu soksi yake imetoboka kisigino.

Sasa, msimamizi wa wodi ndiye aliyepanga zamu. Kwa Mkristo wa Doha, kupewa Ijumaa ya mapumziko ni kupewa kanisa. Ukinyimwa, unakaa miezi bila kuimba na wenzako. Alhamisi moja baada ya chakula, Mama aliitandaza karatasi ya zamu mezani, akaitazama bila kuandika, kisha akamwambia Baba, "Kesho chai ikirudi nzima tena, mimi siendi tena kwa wale watu. Na Mama Kendi nitampanga kazini kila Ijumaa, aone."

Baba alimsihi asifanye hivyo. Mama akajibu kwamba amechoka kusali na watu wanaomchukia. Niliogopa kweli. Sikuwa nimewahi kumsikia Mama akisema "aone" juu ya mtu yeyote.

Kesho yake chupa ilikaa mezani bila kuguswa. Watu walipoanza kuagana, niliichukua nikajifungia nayo chooni, nikaimwaga chai yote kwenye sinki. Ilikuwa bado moto, ikanirukia. Nilimwaga huku nikijiuliza kama Mungu angeuita huu uongo, maana sikuwa nimesema neno. Kisha nikampelekea Mama chupa tupu.

Aliitikisa. Akaitikisa tena. Akanitazama juu hadi chini, akasema tu, "Haya, twende."

Jioni aliroweka gauni langu jeupe, akaketi na karatasi ya zamu, na kabla ya kuandika akasali kwa sauti: "Asante Mungu kwa aliyemaliza chai yangu leo." Nilifumba macho kwa nguvu, nikijiona mjanja kupita wote. Akampa Mama Kendi mapumziko Ijumaa zote za mwezi ule. Ili wodi isipungukiwe wauguzi, mbili kati ya hizo akajipangia kazi yeye mwenyewe.

Ijumaa ya kwanza ambayo Mama alikuwa kazini, nilikwenda na Baba, pamoja na chupa. Mama Kendi aliniuliza mama yangu yuko wapi. Nikamwambia yuko wodini. Aliiendea meza. Kisha akaifungua chupa nyekundu, akajimiminia kikombe, akakinywa hapo hapo amesimama, macho yamejaa machozi. Wengine wakafuata, ila si wote. Wako ambao hawakuigusa hadi tulipoondoka Qatar, na Mama aliendelea kupika chai ya kuwatosha nao.

Miaka yote nimeamini kwamba mimi ndiye niliyeokoa imani ya mama yangu kwa hila ya sinki. Juzi nikamweleza ukweli, nikiomba msamaha. Alicheka hadi akajishika mbavu.

"Gauni lako lilikuwa na chai kuanzia kifuani hadi kwenye pindo," akasema. "Ulidhani nililifua nimefumba macho?"

Nikamwuliza, basi siku ile alimshukuru Mungu kwa lipi, kama alijua hakuna aliyekunywa.

"Niliona kuna mtu mmoja pale ambaye hakutaka niondoke na chuki," akasema. "Huyo alinitosha."