Uso wa Wajina

Wiki iliyopita binti yangu alinipiga picha kwa simu yake, akanionyesha. Simu ilikuwa imeshanipaka weupe na kunifuta mikunjo bila kuniuliza. "Mama, umependeza," akasema. Nilikasirika, nikamrudishia simu yake, naye masikini hakujua kosa lake. Ngoja nikueleze wewe, maana yeye bado sijamwambia.

Tulikaa Nyegezi, karibu na ziwa, miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu vya nje na redio zikawa zinaimba sabuni kutwa nzima. Jirani mwenye duka ndiye aliyeleta televisheni ya kwanza mtaani. Jioni tulijazana sebuleni kwake, tumekaa chini, tunanuka dagaa. Wengine walisubiri mpira. Dada yangu alisubiri tangazo la krimu. Msichana mweusi anaingia amenuna, anajipaka, anatoka mweupe, na kila mtu anageuka kumtazama.

Dada alikuwa amerithi jina la bibi yetu mzaa baba, na sura pia: weusi ule ule wa kung'aa, mwanya, mashavu yaliyojaa. Bibi alimwita wajina. Wageni wakija aliwaambia, "Mnataka kuniona nilivyokuwa msichana? Mtazameni huyu." Zamani dada alicheka. Televisheni ilipokuja, akawa anainuka na kutoka nje.

Akaanza kujichubua kwa siri. Uso ukageuka rangi ya papai, masikio na vidole vikabaki vyeusi. Na kwetu kazi yote ilikuwa ya juani: dagaa huanikwa mchangani na kugeuzwa mchana kutwa, la sivyo wanaoza. Dada akawa anakwenda ufukweni amejifunika kanga hadi machoni.

Siku moja mama alimfuata mchangani, akaivuta ile kanga. "Unamficha nani? Geuza dagaa kama wenzako." Dada aliinama, akageuza adhuhuri yote, kichwa wazi. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Kufikia jioni uso ulikuwa umevimba, macho hayafunguki. Kesho yake ngozi ikaanza kutoka. Mama alikaa mlangoni, akashindwa kuingia.

Aliyeingia ni bibi. Dada alikuwa amegeukia ukutani. "Shikamoo bibi," akanong'ona.

"Marahaba, wajina." Bibi alimkanda kwa maji baridi, taratibu, kisha akasema, "Kumbe sura yangu ilikuwa inakuchosha. Si ungeniambia tu."

Wala hakuwa anamkaripia. Nilitoka nje nikalia.

Dada alipona, lakini uso aliobaki nao haukuwa wa tangazo wala wake. Mabaka hayajaondoka hadi leo. Bibi alifariki mwaka uliofuata, hajawahi kupigwa picha hata moja. Ufukwe wetu umejengwa nyumba za wageni, hakuna tena anayeanika dagaa pale. Wanangu huniuliza bibi yangu alikuwa anafanana vipi. Ningeweza kuwaambia wamtazame mama yao mkubwa. Badala yake natafuta maneno, na dada akiwepo, huinuka taratibu akaenda jikoni.