Walimwita Marehemu Mwanangu Aende Mbele Akapokee Zawadi

"Yara Rizuane! Yara Rizuane yupo wapi? Aje mbele, asione haya!"

Wageni kutoka wilayani na mkoani wakapiga makofi.

Sisi wa kijijini, mikono ikatuganda mapajani.

Maana Yara tulimzika sisi wenyewe, miezi tisa nyuma. Mimi ndiye niliyemwosha. Yara ni mwanangu.

Yule mwenye kipaza sauti hakujua. Akaendelea kusoma kwenye karatasi: "Huyu ndiye msichana aliyehudhuria sana huduma za vijana katika kituo hiki cha afya. Tangu Januari amekuja mara saba! Ni mfano wa kuigwa."

Yara alikufa Novemba.

Naitwa Wahida. Jina la kijiji chetu nalificha, jueni tu kiko kwenye ghuba ya Tungue. Mimi nafua mashuka ya wafanyakazi kule Afungi, kwenye kambi ya mradi wa gesi, wiki nne ndani, wiki mbili nyumbani. Baba yake Yara tuliachana zamani, yeye yuko zake kisiwani Vamizi.

Vita vilipotulia, tuliporudi kutoka ukimbizini, tulikuta kituo cha afya kimechomwa. Kikajengwa upya, na pembeni wakaongeza chumba kimoja kizuri, kimepakwa rangi ya samawati, juu ya mlango kumeandikwa "Sala ya Vijana"; sala kwa Kireno ni chumba, si ile ya kusali. Humo msichana au mvulana aingie, afunge mlango, aseme shida yake bila shangazi yake kusikia. Ndivyo tulivyoambiwa.

Mlango ule sikuwahi kuuona wazi. Ila na mimi nilikuwa nashinda Afungi, nikasema labda hufunguliwa siku ambazo sipo.

Sasa siku hiyo ya Agosti ilikuja tume kutoka mkoani kukagua. Huduma za kina mama, za watoto, za vijana, za wazee, zote wanakagua. Tukaambiwa tuvae kapulana safi, vitenge vyetu vya kujifunga, tukiulizwa kama huduma ni nzuri tuseme ndiyo.

Basi jina la Yara lilipoitwa, nikasimama.

Dada yangu Zuleica akanishika kapulana kwa nguvu. "Wahida, kaa chini. Wakikasirika watatuondolea hata hawa wahudumu tulio nao."

"Niache."

"Nakwambia kaa!"

Nikautoa mkono wake kwa nguvu, nikaenda mbele. Pale mezani alikaa mama mmoja wa miwani, mkubwa wa ile tume. Akanitabasamia.

"Wewe ni mama yake Yara?"

"Ndimi."

"Hongera mama! Umelea. Basi mpokelee, umpelekee." Akaninyooshea mkoba wa shule, daftari zimo, na kapulana mpya juu yake.

"Nimpelekee wapi?" nikamwuliza. "Makaburini?"

Yule mama akavua miwani.

Hapo ndipo aliponyanyuka diretor Zacarias. Huyu ndiye mkubwa wa afya na ustawi wa jamii wa wilaya yetu. Jasho lilishamtoka kwenye ukosi, lakini akili yake ni ya haraka, nampa haki yake. Akapokonya kipaza sauti.

"Ndugu zangu, hii ni aibu! Aibu kubwa! Nani anaandika daftari la vijana hapa?"

Akajijibu mwenyewe, kidole kimenyooka: "Yule pale!"

Watu wote tukageuka. Mlangoni mwa kituo alisimama Anabela, na koti lake jeupe. Binti wa miaka ishirini na tano hivi, mhudumu wa vijana, mtu wa bara, kwao Mueda. Alikuwa na mwaka na nusu kwetu.

Diretor akaniwekea kipaza sauti mkononi. "Mama, sema. Serikali inakusikiliza. Mwambie huyu alichokufanyia."

Jamani, nilisema.

Nilisema hata nisiyoyajua. Nilimwita mchawi. Nilisema watu wa bara hawajawahi kutuona sisi wa pwani kuwa ni watu, wanakuja kula mishahara juu ya maiti zetu. Nikasema, "Mwanangu amekufa mara moja kwa Mungu, wewe ukamchimbua ukamuua tena kwenye daftari!"

Watu wakapiga kelele. Wengine walikuwa wananikera siku zote, siku hiyo wakanishangilia.

Anabela alisogea hatua mbili, akasema neno moja tu. "Pole, mama Yara."

Nikamtemea mate. Yakampata kwenye koti.

Sisemi uongo. Nasema kweli: siku ile nilijisikia vizuri.

Alasiri ileile diretor alinikalisha kivulini, nikaletewa maji baridi na dereva wake. Karani akaandika malalamiko yangu kwa Kireno. Mimi Kireno cha kusikia ninacho, cha kusoma sina. Diretor akanipa kalamu yake mwenyewe.

"Weka jina lako hapa, mama. Huyu binti atashughulikiwa."

Nikaandika jina langu, taratibu, herufi moja moja. Nikaona kama naandika haki ya mwanangu.

Siku tatu zilizofuata Anabela alikiona. Mawe yalirushwa juu ya bati lake. Mwenye kisima alikataa kumtekea maji. Sokoni akisimama mbele ya genge, mwenye genge anageuka upande wa pili kama kuna upepo tu. Mimi nikisikia hayo nacheka.

Siku ya nne ikaja barua: amefukuzwa, aondoke kabla ya Ijumaa.

Nikajifunga kapulana yangu, saa nne asubuhi, nikaenda kwake. Nilitaka kumsindikiza kwa maneno. Nilikuwa nimeshayapanga njiani.

Nilimkuta anafunga godoro kwa kamba. Mlango wazi.

"Ingia, mama," akasema bila kugeuka. "Nilijua utakuja."

"Sikuja kukaa."

"Sawa. Uliza ulichokuja kuuliza."

Maneno yote niliyopanga yakanitoka. Nikabaki na moja. "Kwa nini uliandika jina la mwanangu?"

Akaacha kamba. "Sikuandika la kwake tu. Wako kumi na moja humo, na wote ni marehemu. Niliyatoa kwenye daftari la vifo."

"Astaghafirullah! Una kichaa?"

"Pengine. Mama, ile sala ya vijana, umewahi kuiona wazi?"

Nikatikisa kichwa.

"Na mimi sijawahi kuiona. Nilipofika kuripoti nilikuta imejaa saruji na mabati ya diretor. Anajenga nyumba yake. Ufunguo anao yeye. Nikaambiwa nifanye kazi barazani, ila kila miezi mitatu nipeleke majina arobaini ya vijana walioingia chumbani. Wanaingiaje? Nikaandika barua. Kimya. Nikaandika ya pili. Akanipigia simu akasema, 'Wewe mtoto mgeni, jaza daftari ule mshahara wako.'"

"Ukajaza."

"Nikajaza wa barazani, na kati yao nikaweka maiti. Nikasema, yatapita mikono mingi haya, hata mtu mmoja tu akisoma atashtuka, atakuja kuuliza, nami nitamwonyesha kile chumba." Akacheka, kicheko kibaya. "Mkuu wa kituo akasaini. Wilaya wakasaini. Mkoa wakaleta mkoba na kapulana."

Nilitaka kukaa, sikuona pa kukaa. Nikaegemea ukuta.

"Na kwa nini Yara umemweka wa kwanza?" nikamwuliza. "Mara saba! Kwa nini yeye?"

Anabela akakaa juu ya lile godoro.

"Kwa sababu yeye alikuja kweli."

"Alikuja wapi?"

"Kwangu. Oktoba. Akiwa hai. Mara tatu."

Sasa hapa lazima niwaambie nilichowaficha watu wote. Kijiji kizima niliwaambia Yara amekufa na malaria. Hakufa na malaria. Alikuwa na mimba, akanywa mizizi aliyopewa na mwanamke mmoja, akatokwa damu siku mbili mimi niko Afungi. Niliitwa nikamkuta anamalizikia. Nilimwosha peke yangu, nikafukuza wenzangu mlangoni, ili wasione.

"Mara ya kwanza alisema anaumwa tumbo," Anabela akaendelea. "Mara ya pili tumbo. Barazani kuna akina mama wanasubiri chanjo, mmoja ni dada yako Zuleica. Angesema nini kingine? Mara ya tatu nikamwinamia sikioni, nikamwambia, njoo nyumbani kwangu tuongee. Unajua alinijibu nini?"

Nilikuwa sitaki kujua.

"Alisema, 'Mama akisikia nimeingia nyumba ya mtu wa bara, ataniua.'"

Mwanangu hakusema uongo. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu. Na lingine pia nilimwambia, alipovunja ungo: ukija na mimba hapa, katafute mama mwingine.

Basi alikwenda kumtafuta. Akakuta mlango umefungwa kwa ajili ya saruji.

Sikulia. Nilimwomba Anabela zile barua. Alikuwa na nakala zake, zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Akanipa.

"Mimi nimechoka, mama. Wewe fanya utakavyo."

Kesho yake nikapanda pikipiki hadi sede, makao ya wilaya, ofisini kwa diretor.

"Mama Yara! Karibu, karibu. Umekunywa chai?"

Nikaweka barua mezani. "Huyu binti alikuandikia. Mara mbili. Hana kosa. Mrudishe."

Akasoma. Tabasamu likaondoka polepole. Akafungua droo, akatoa karatasi, akaigeuza upande wangu.

"Jina hili ni lako?"

"Ni langu."

"Nikutafsirie?" Akasoma kwa kidole. "'Mimi, Wahida Abacar, mkazi wa hapa, nathibitisha kuwa sala ya vijana hufunguliwa kila siku, huduma ni nzuri, na kosa ni la mhudumu mmoja tu, Anabela, kwa tabia yake mwenyewe.' Umesaini. Kwa kalamu yangu."

Nikaivuta ile karatasi kwangu.

"Sikusema hayo!"

"Kati ya mdomo wako na sahihi yako, mama, serikali iamini kipi?"

Akaegemea kiti. Akashusha sauti, kama rafiki. "Halafu, mwanao alikufa na nini vile? Malaria, si ndiyo? Ndivyo ulivyoandikisha. Au unataka tufungue tuandike upya?"

Alikuwa anajua. Wallahi alikuwa anajua siku zote. Huenda ndiyo maana hakuogopa kunipa kipaza sauti.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Nje, kwenye benchi, watu kama kumi wanasubiri. Wengine wananifahamu.

"Andika upya," nikamwambia.

"Mama, punguza sauti."

"Andika!" Nikapaza zaidi. "Andika mwanangu Yara alikufa akitoa mimba! Alikuja kutafuta msaada mara tatu, chumba kina saruji yako! Na mama yake aliwadanganya watu ni malaria! Andika, kalamu si unayo?"

Hakuandika. Aliita askari wawili, wakanitoa kwa kunishika kwapa. Watu wa benchini wakaangalia chini.

Habari ilifika kijijini kabla yangu.

Zuleica alinisubiri mlangoni. "Umetuvua nguo. Mtoto amelala kaburini na heshima yake, wewe umekwenda kumtangaza ofisini!"

"Siku alipokuja barazani anaumwa tumbo, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, kwani nini?"

"Ulimwuliza?"

Akageuka, akaondoka. Mpaka leo hajanisemesha, na mimi sijamfuata.

Ijumaa Anabela aliondoka, kwenye gari la mizigo. Nilikwenda kumpa mkono. Alinipa, lakini hakuniambia kuwa amenisamehe, na mimi sikuwa na uso wa kuomba.

Jumatatu, siku ya chanjo, kina mama wamejaa barazani, nikaja na mchi wangu wa kutwangia. Nikapiga kufuli la ile sala mara nne. Ya nne likakatika.

Ndani kulinuka unyevu. Mifuko ya saruji ilikuwa imepandiana hadi dirishani, na yote imeganda. Mawe matupu. Hata diretor mwenyewe isingemfaa tena. Nyuma yake, ukutani, kimesimamishwa kitanda cha kupimia wagonjwa, kipya, nailoni ya dukani bado haijatolewa.

Nikaanza kutoa mfuko mmoja mmoja. Hakuna aliyenizuia. Mwanzo hakuna aliyenisaidia pia. Mfuko wa sita hivi, mama mmoja akamkabidhi jirani yake mtoto mchanga, akaja akashika upande wa pili. Baadaye wakaja wawili.

Nakala za barua nimempelekea yule mama wa miwani mkoani. Mwezi wa tatu huu, sijajibiwa. Diretor yupo kazini. Kufuli jipya limeshawekwa mara mbili, nami mara mbili nimelivunja. Chumba kiko wazi, mhudumu hakuna, na wapo wanaosema kijijini kuwa ni mimi niliyemfukuza. Siwabishii. Ni mimi.

Ninyi mnaosoma, mna hasira zenu, na nyingi ni za haki. Yangu pia ilikuwa ya haki. Ila siku mtu atakapokuletea haraka haraka mtu wa kumchukia, usimtazame huyo aliyeletwa. Mtazame aliyemleta.